Naenda kuchukua ujumbe: tovuti za misimu na lahaja za Kiingereza nilizozitegemea

Mhariri wangu aliniandikia saa nne usiku: "Dada, huyu mama ametoka kwenda kuchukua ujumbe, mbona karudi na mifuko miwili ya viazi?"

Nikarudisha picha nyuma. Kweli. Mama wa Glasgow anavaa koti, anamwambia mwanawe "I'm away for the messages", mlango unafungwa. Chini ya picha, kwa herufi nyeupe nilizoziandika mimi mwenyewe, panasomeka: Naenda kuchukua ujumbe. Dakika nne baadaye anaingia akihema na mifuko yake, na mtazamaji yeyote mwenye akili timamu anabaki kujiuliza ujumbe wenyewe umeishia wapi. "Messages" kwa Waskoti ni vitu vya kununua dukani kwa matumizi ya nyumbani. Nilipaswa kuandika "Nafika dukani mara moja" nikaenda zangu kulala.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu na tamthilia, yale maandishi yanayopita chini ya picha. Kiingereza cha vitabuni hakinisumbui. Kinachonipiga chenga ni cha jikoni, cha baa, cha gerezani, cha bibi wa Yorkshire na cha kijana wa Philadelphia anayeita kila kitu "jawn", kiwe kiatu, wimbo au mkutano. Maneno hayo huyakisii kwa mantiki, na kamusi nene iliyo mezani mara nyingi imeyaruka. Ndiyo maana nimeshinda na kukesha kwenye tovuti za misimu na lahaja za Kiingereza muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Hapa nasema zipi zimenisitiri na zipi zimeniumbua. Hakuna hata moja inayonilipa.

Wengi huanzia Urban Dictionary, nami nilianzia hapo hapo. Aaron Peckham aliifungua mwaka 1999 akiwa bado mwanafunzi wa chuo huko California, akizifanyia mzaha kamusi za wakubwa, na mpaka leo mzaha huo haujaitoka. Yeyote anaandika maana anayoitaka, wengine wanapiga kura, na iliyopata dole gumba nyingi inapanda juu. Kwa neno lililozaliwa mwezi jana, hakuna pa kuiwahi. Lakini watu hukipigia kura kichekesho, si ukweli. Ukitafuta neno la kawaida kabisa utakuta maana sita: ya kwanza utani, ya pili tusi, ya tatu kijana anamsifia mpenzi wake kwa jina, na ile uliyoifuata imejificha ya tano, imeandikwa na mtu asiyesema anatoka wapi. Hata mahakama za Marekani zimewahi kuinukuu kwenye hukumu, jambo ambalo nikilifikiria napata ubaridi. Mimi naingia humo kama anayepita kijiweni: nasikia watu wanasemaje, nanusa kama neno ni la utani au la ugomvi, natoka. Usiifungue watoto wakiwa nyuma yako.

Iliniumbua kwenye tamthilia ya wachunga ng'ombe, mambo ya miaka ya 1880. Treni inasimama, anashuka mgeni, suti imenyooshwa, kofia mpya, viatu vinang'aa. Mchunga ng'ombe mmoja anatema mate pembeni: "Look at that dude." Nikaangalia kijiweni, nikaandika "Mcheki yule mshikaji." Sentensi ikapita, hakuna aliyelalamika, lakini mimi iliniwasha. Yule mzee hakuwa anamwita mgeni mshikaji. Alikuwa anamdharau.

Jibu nililipata Green's Dictionary of Slang, na tangu siku hiyo ukurasa wake haufungwi kwenye kompyuta yangu. Jonathon Green ni Mwingereza aliyeyatoa maisha yake kuokota misimu. Kamusi yake ilitoka kwa juzuu tatu mwaka 2010, mwaka 2016 ikaingia mtandaoni, na sasa yote inasomwa bila malipo. Ina maneno na misemo zaidi ya 100,000, ikirudi nyuma karne tano, lakini wingi huo siyo ulioniteka. Kilichoniteka ni kwamba kila maana imefuatanishwa na mifano, na kila mfano una mwaka, chanzo na maneno yenyewe yalivyosemwa au kuandikwa. Unaliona neno likitembea. "Dude" lilivuma New York mwaka 1883, magazeti yakiwacheka vijana wanaovaa kupita kiasi na kuiga Waingereza. Huko Magharibi likawa jina la mtu wa mjini asiyejua farasi hupandwa upande gani. Ushikaji ulikuja baadaye sana. Nikarudi kwenye faili, nikafuta, nikaandika: "Mtazame bishoo yule." Mate yale aliyotema yakapata maana.

Kasoro nazo zipo. Ukurasa umejaa vifupisho kama risiti ya benki, na siku za mwanzo utajikuta unarudi kwenye orodha ya vifupisho kila baada ya dakika mbili. Haina sauti. Na kwa neno la juzi TikTok, usitarajie. Mtu mzima huyu hutaka ushahidi kwanza, na ushahidi huchelewa. Lakini nimechoka na maana zisizo na mwenyewe. Neno nisiloambiwa nani alilisema, wapi, mwaka gani, kwangu ni uvumi, na siwezi kuweka uvumi mdomoni mwa mhusika kisha nikaandika jina langu mwishoni mwa filamu.

Kwa mama wa Glasgow nilikwenda Dictionary of the Scots Language. Hii imeunganisha kamusi mbili kubwa zilizochukua miongo kuandikwa: moja ya Kiskoti cha kale hadi mwaka 1700, nyingine ya kuanzia 1700 na kuendelea, yenye juzuu kumi. Tangu 2004 zote mbili zinatafutwa kwa pamoja, bure. Andika "message", shuka chini kidogo, manunuzi yangu yale hapo, pamoja na mifano ya watu wa sehemu mbalimbali za Uskoti waliolitumia hivyo. Nilicheka peke yangu. Kamusi ilikuwepo muda wote, mwenye haraka nilikuwa mimi.

Halafu ikanifundisha nisichokifuata. Mskoti akikuuliza "Where do you stay?" haulizi umefikia hoteli gani. Anauliza makazi yako. Kwa Kiingereza cha shuleni tulikatazwa: "stay" ni kwa muda, "live" ni kwa kudumu. Kumbe kuna taifa zima linalosema kama sisi, unakaa wapi. Tangu hapo nimekuwa nikizichungulia lahaja hizi kwa jicho la Mswahili, na mara nyingi najikuta niko nyumbani kuliko kwenye Kiingereza sanifu. Wanigeria wanasema "next tomorrow", neno lililoingizwa kwenye kamusi ya Oxford Januari 2020 pamoja na mengine ya Kiingereza chao. Kiingereza sanifu kinahitaji maneno manne kusema siku hiyo. Sisi tuna keshokutwa, na kwa siku inayoifuata tuna mtondo.

Kwa Marekani mfalme ni DARE, Dictionary of American Regional English, na hapa naomba nikae kidogo. Kati ya 1965 na 1970, Frederic Cassidy wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwatuma watu wakazunguke nchi nzima kwa magari waliyoyaita "Word Wagons". Walifika kwenye jamii 1,002 na kuwahoji watu 2,777, kila mahali dodoso lenye maswali zaidi ya 1,600: mvua kubwa ya ghafla mnaiitaje, vumbi linalojikusanya chini ya kitanda mnaliitaje, mtu bahili mnamwitaje. Juzuu ya kwanza ilitoka 1985. Cassidy akafariki mwaka 2000, kazi ikiwa bado haijafika mwisho wa alfabeti, na kwenye kaburi lake wakaandika "On to Z!" Walifika Z mwaka 2012. Mwaka uliofuata ikaingia mtandaoni.

Ladha yake iko kwenye ramani, nazo ni za ajabu, majimbo yamevimba au kusinyaa kulingana na wingi wa watu, hivyo New York ni kitambi na Wyoming ni kidole. Unatazama vitone vilikoangukia. Vikitawanyika kote, neno ni la wote. Vikijikusanya kona moja, umempata mtu wako.

Na kumpata mtu si lugha ya picha tu. Mwanaisimu Roger Shuy aliwahi kupelekewa na polisi barua ya watekaji nyara, mtoto amechukuliwa, fedha zinadaiwa. Barua iliandikwa kama ya mbumbumbu, "cops" kwa K, "can" kwa K, lakini maneno magumu zaidi yalikuwa yameandikwa sawasawa. Kwa hiyo aliyeandika alisoma, anajifanya. Kisha ikaagiza fedha ziwekwe kwenye pipa la taka lililo kwenye "devil strip". Hilo ni jina la kijisehemu cha nyasi kati ya njia ya miguu na barabara, na watu wanaoliita hivyo ni wa Akron, Ohio. Shuy akawauliza polisi kama kati ya washukiwa wao yupo mtu msomi wa Akron. Alikuwepo. Kila ninapoona mhusika wa filamu anataja kijisehemu hicho cha nyasi, ambacho Wamarekani wana majina chungu nzima, namkumbuka jamaa huyo aliyeficha kila kitu asiweze kuficha kwao.

Uchungu wa DARE ni kwamba sehemu kubwa ya kamusi inahitaji kulipia. Hata hivyo rekodi za sauti za mahojiano yale ziko wazi kwenye maktaba ya kidijitali ya chuo, nami huzisikiliza hata nikiwa sina kazi. Wengi wanasoma hadithi moja ya panya aitwaye Arthur asiyeweza kukata shauri. Ukiisikia kwa mzee wa kusini na kwa mvuvi wa kaskazini, utadhani ni panya wawili.

Hapo nimeingia kwenye sauti, na sauti ina tovuti zake. Speech Accent Archive ya Chuo Kikuu cha George Mason inamsomesha kila mtu aya ile ile ya maneno 69, inayoanza "Please call Stella", ikaja "six spoons of fresh snow peas", ikaja nyoka wa plastiki na chura wa kuchezea. Aya haina maana yoyote ya kukumbukwa, imetungwa ili ikutege ulimi. Wapo humo pia wenye lugha ya kwanza Kiswahili. Sikiliza wanavyoipita ile "spoons" na "snake", irabu ndogo ikitaka kuchungulia kati ya konsonanti, kisha utazame maandishi ya kifonetiki yaliyowekwa chini. Nilisikiliza watatu mfululizo na kujisikia mimi. Lakini "things" na "three" wengine wanazitamka vizuri kuliko Waingereza kadhaa wa London. Mtu aliyekua akisema thelathini na dhahabu hafundishwi hapo.

International Dialects of English Archive, IDEA kwa kifupi, Paul Meier aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya waigizaji. Ni bora kuliko ile ya Stella kwa jambo moja kubwa: baada ya kusoma, mtu anaachwa aongee kuhusu maisha yake. Kusoma humfanya kila mtu anyooke kama yuko mbele ya mwalimu. Akianza kusimulia mamake alivyompiga marufuku kuogelea, lafudhi inavua viatu. Nikiletewa filamu ya mahali nisipopajua, nasikiliza mmoja wa huko dakika kumi kabla sijaandika neno. Haitafsiri chochote, ila sikio linafunguka.

Kwa England yenyewe, kazi ya msingi ni Survey of English Dialects, utafiti wa lahaja wa mwanaisimu Harold Orton wa Leeds, vijiji na maeneo 313 yaliyohojiwa kati ya 1950 na 1961, wengi wao wazee wa mashambani. Nilikuwa nikizisikiliza rekodi zake kupitia British Library hadi wadukuzi walipoishambulia maktaba hiyo Oktoba 2023 na kurasa zile zikazima. Tangu hapo nina tabia ya kuandika kwenye daftari la karatasi kila kitu kizuri ninachokutana nacho. Vijana wananicheka.

Nyingine napita haraka. YouGlish: unaandika neno, inakutafutia video watu wakilitamka, na unaweza kuchagua Uskoti, Ireland, Australia na kadhalika, nzuri sana kwa matamshi, haina habari na maana. Wiktionary: inategemea aliyeandika ukurasa alikuwa na siku gani, lakini vibandiko vyake vya "Ireland" au "Marekani Kusini" vimeniokoa mara kadhaa. Jaribio la lahaja la New York Times la Desemba 2013, maswali 25, linachora ramani ya ulikotoka Marekani kwa majibu yako. Ni tamu, na linafundisha jambo moja kwa haraka: Kiingereza sanifu hakina neno la pekee la "ninyi", na kila jimbo limejifinyangia lake, "y'all" huku, "yinz" Pittsburgh, "youse" kule. Ila halina nafasi ya kusema "mimi si wa huku". Lilinipeleka Florida bila kuuliza. Afrika Kusini wana Dictionary of South African English, bure, na usiguse filamu yao kabla hujasoma "just now": mtu akikuambia atafanya "just now", usiandike "sasa hivi". Ni baadaye, baadaye isiyo na ahadi. Australia wana ya kwao pia, na nakuonya mapema kwamba "thongs" walizoacha wageni mlangoni ni ndala. Siandiki hapa mimi niliandika nini.

Nimeiacha ya mwisho eWAVE kwa sababu ndiyo niliyoikimbia kwa miaka. Jina refu, electronic World Atlas of Varieties of English, sura kavu, imetengenezwa na wanaisimu kwa wanaisimu. Haina maneno. Ina sarufi: vipengele 235, vikipimwa katika aina 77 za Kiingereza na krioli zake (lugha zilizozaliwa Kiingereza kilipochanganyika na nyingine), cha Kenya, Tanzania na Uganda vikiwemo. Kila kipengele kinapewa herufi: A kimeenea, B kipo kiasi, C ni adimu, D hakipo. Unabofya, ramani inajaa vitone. Mfano Mwairish akisema "I'm after eating", utaona kwamba hatafuti chakula, ameshamaliza. Ametoka kula. Tazama Kiswahili kinavyolingana nayo.

Niliifungua kwa shida moja. Filamu ya Wamarekani Weusi, dada anamtetea kaka yake kwa askari: "He be working." Niliandika "Huwa anafanya kazi", nikaona ndefu, nikaandika "Hufanya kazi." Mhariri akairudisha na alama nyekundu: "Dada, mbona hu-? Yuko kazini sasa hivi, weka anafanya."

Hakuwa kazini. Amekaa kwenye ngazi nyuma ya dada yake, tunamwona. eWAVE ina kipengele cha "be" ya mazoea na inaonyesha Kiingereza hicho kinacho. Mradi wa Yale wa sarufi za Kiingereza cha Amerika Kaskazini una ukurasa mzima unaoieleza kwa lugha nyepesi zaidi, nami ningemwelekeza huko mtu anayeanza. "He working" ni sasa hivi. "He be working" ni desturi yake. Mtafiti Janice Jackson aliwahi kuwaonyesha watoto picha za vikaragosi wa kipindi cha watoto cha Sesame Street: Cookie Monster, yule mla biskuti, amelala mgonjwa, hana biskuti, na Elmo ndiye anayekula. Akauliza nani anakula biskuti, wote wakasema Elmo. Akauliza nani "be eating cookies", na watoto waliokua na Kiingereza cha Wamarekani Weusi wakasema Cookie Monster, kwa kuwa mla biskuti anajulikana hata akiwa kitandani. Watoto wadogo wanatofautisha kitu ambacho Kiingereza sanifu kinakizungukia kwa kielezi, na ambacho sisi tunakimaliza kwa silabi moja.

Nikampigia mhariri picha ya skrini ya eWAVE, nikaongeza ukurasa wa Yale, nikaongeza picha ya yule kaka kwenye ngazi. Kimya cha nusu saa.

"Haya dada. Hu- ibaki," akaandika. "Lakini ujumbe wa yule mama wa viazi umeurekebisha?"

Nilikuwa nimesahau.